KISIMA KILICHOCHIMBWA KARATASINI

Asiyeuliza, walisema wahenga, hanalo ajifunzalo. Nami niliuliza swali moja tu mwaka huu, swali dogo kama punje ya mtama, na hadi ninapoandika makala haya sijajibiwa. Mpenzi msomaji, nivumilie nikusimulie swali lenyewe lilivyozuka, kisha nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo naona linatuhusu sisi vijana kuliko tunavyodhani: haki ya mwananchi kuziona nyaraka za serikali yake.

Muhula wa pili, Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba mtandao umemfaa mwananchi kuliko baraza la chifu. Mimi nilipangiwa upande wa kupinga. Mwalimu mlezi wa chama aliturusha katika chumba cha tarakilishi kwa saa moja ili tujitafutie hoja, naye akasimama mlangoni asije mtu akafungua mambo ya mpira. Basi nikaingia katika tovuti ya kaunti yetu, ambayo sitaitaja jina, nikaikuta ripoti ndefu ya miradi ya maendeleo. Kurasa mia mbili na zaidi! Nikaanza kuteremka polepole, wadi kwa wadi, mpaka nikaliona jina la kijiji chetu.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Kijiji chetu, ambacho hata matatu hukipita bila kusimama, kimo mtandaoni! Kando ya jina paliandikwa kwamba tumechimbiwa kisima, tukawekewa pampu ya nguvu za jua, tangi na kioski cha maji. Kiasi cha fedha kilikuwepo pia, lakini mhariri amenishauri nisikiandike hapa. Mwisho wa mstari palikuwa na neno moja la Kizungu ambalo maana yake ni kwamba mradi umekamilika.

Umekamilika? Kisima gani, jamani? Aprili nilikuwa nyumbani likizoni. Kila alfajiri nilimsindikiza nyanya mtoni na punda wake wawili, kila punda na mitungi minne ya lita 20. Mto wetu ni wa msimu, kwa hiyo wakati wa kiangazi hatuchoti maji, tunayachimbua mchangani kwa kata na kusubiri yajae. Kama kungekuwa na kisima pale kijijini, nyanya yangu angekuwa mtu wa kwanza kukijua, kwa maana miguu yake ndiyo inayolipa.

Nilitoka chumbani nimeduwaa. Na katika mdahalo, wacha niseme ukweli, upande wetu ulishindwa vibaya, maana nilisimama kupinga mtandao hali moyoni nilikuwa nimeshageuka. Kwa kuwa nilijiambia hivi: baraza la chifu tumehudhuria miaka yote na hakuna aliyewahi kutuambia habari za kisima. Mtandao ndio ulionifichulia uongo. Bila ukurasa ule, kisima chetu kingeendelea kuwapo karatasini, nasi mchangani, wala wawili hao wasikutane.

Watu wengi hudhani kwamba kuonyeshwa nyaraka za serikali ni hisani, kama vile mtu anavyokaribishwa chai. Sivyo hata kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 35, inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kwamba serikali yenyewe inapaswa kuchapisha na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Bunge lilichukua miaka sita kuitungia ibara hiyo sheria ya kuitekeleza, lakini hatimaye Sheria ya Upataji Habari ikapitishwa mwaka 2016. Sheria hiyo nimeisoma. Haina kurasa nyingi, na naomba kila mwenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne aisome badala ya kungoja kuulizwa katika mtihani.

Inasema nini? Inasema ukiomba habari, afisa anayehusika ana siku 21 za kukujibu. Ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ana saa 48 tu. Akiwa na kazi kubwa ya kupekua mafaili mengi anaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14. Huwezi kutozwa ada kwa kupeleka ombi, ingawa unaweza kulipia gharama ya kunakili. Tena huulizwi unaitakia nini! Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa kuwa swali la kwanza la karani yeyote wa Kenya ni "Unataka ya nini?" Akikunyima unaweza kwenda kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman.

Na sisi wapenzi wa lugha tusikilize kwa makini: kifungu cha 8 kinasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, bwana! Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, afisa ana wajibu wa kumsaidia ombi lake liandikwe. Kwa hiyo hata nyanya yangu, ambaye alisoma hadi darasa la pili akatolewa kwenda kulea, sheria inamtambua.

Haikuwa hivyo siku zote. Wazee wetu hutusimulia kwamba zamani faili la serikali lilikuwa kama chungu cha mganga, ukichungulia unapofuka. Sheria ya Siri za Serikali ilitungwa mwaka 1968, na ilimfundisha mfanyakazi wa serikali kwamba usalama wake u katika kufunga mdomo. Mtu aliyezoea hivyo kwa miaka arobaini hawezi kubadilika kwa sababu Katiba imebadilika. Ndiyo maana hadi leo ukiingia ofisini na kuomba nakala ya kitu, kwanza unatazamwa viatu.

Hebu sasa tutazame faida, maana wapo watakaosema kwamba ninapiga kelele kwa sababu ya kisima kimoja.

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kulishika. Humo ndimo hutangazwa kwamba fulani amedai hati yake ya shamba imepotea na kwamba, baada ya siku 60, kama hakuna pingamizi, atapewa nyingine. Humo pia ndimo hutangazwa kwamba fulani anataka kusimamia mali ya marehemu fulani, na mwenye pingamizi apewe siku 30. Fikiria mjane ambaye hati ya shamba ameifungia sandukuni chini ya kitanda, kumbe shemeji yake yuko mjini anaapa kwamba hati imepotea! Tangazo limetoka, siku zinahesabika, naye hana habari. Zamani angelipata wapi gazeti hilo? Leo linasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, pamoja na sheria zote za nchi na hukumu za mahakama. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kulitafuta jina la kijiji chake humo. Naona hilo ni jambo kubwa kuliko majengo mengi tunayozinduliwa kwa kukatwa utepe.

Mfano mwingine tuliuona sote. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na mojawapo ya mambo yaliyozusha utata ni fomu za matokeo, jinsi zilivyopelekwa na kama ziliweza kuonekana. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipofika, tume ya uchaguzi iliziweka fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000 katika tovuti ya wazi. Mtu yeyote angeweza kufungua fomu ya kituo chake, aone sahihi za mawakala, ajumlishe mwenyewe. Nakumbuka mjomba na majirani walikaa na kalamu na daftari, kila mtu na kaunti yake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu hata hivyo na ikaamuliwa Septemba 5, lakini mabishano yalikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa ameziona. Ukiniuliza, kubishana juu ya kitu kinachoonekana ni afadhali mara kumi.

Lakini tusidanganyane kwamba milango imefunguka yote. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, kwa mkopo kutoka China ambao sisi wanafunzi wa leo ndio tutakaoulipa. Mikataba ilikuwa wapi? Ilifichwa. Serikali ilisema ina masharti ya siri. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliandika barua kuomba nakala, wakanyamaziwa, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikaamua kwamba kuwanyima ni kuvunja Katiba. Novemba mwaka huo ndipo waziri mpya wa uchukuzi alipoziweka hadharani baadhi ya hati za mikopo hiyo. Deni ni letu, karatasi ni zao. Mtu akukopee, akutie sahihi, kisha akuambie huruhusiwi kusoma! Hata mwenye duka pale sokoni hukuonyesha daftari kabla hajakudai.

Kuna na ule mradi wa data huria. Julai 8, 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya kuweka takwimu za serikali wazi kwa umma, nchi yetu ikawa miongoni mwa za mwanzo barani Afrika kufanya hivyo. Tulisifiwa kote. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa wizara ya habari, alijitahidi sana kuusukuma. Hata hivyo miaka iliyofuata watumiaji walilalamika kwamba takwimu nyingi zilibaki zile zile za siku za harusi, hakuna aliyekuwa akizihuisha. Sisi Wakenya kuzindua tunajua. Kumwagilia ndiko hutushinda.

Jambo hili nililizungumza na mjomba wangu ambaye ni mtumishi wa serikali, mtu ninayemheshimu sana kwa kuwa ndiye anayenilipia sehemu ya karo. Aliniambia, "Wewe mtoto, nyumba haijengwi nje. Ukianika kila kitu, adui atakiona na mjinga hatakielewa." Nilimheshimu nikanyamaza, lakini hapa gazetini nina ruhusa ya kujibu.

Kwanza, ana haki kwa sehemu, na mgala muue na haki yake mpe. Si kila karatasi ni ya kuanikwa. Faili la mgonjwa hospitalini si la umma. Jina la mtoto aliyeomba msaada wa karo kwa kuwa babake ni mlevi halipaswi kubandikwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, kwa maana wenzake watamcheka mpaka aache shule. Sheria ya 2016 yenyewe imeweka mipaka kuhusu usalama wa taifa na mambo ya siri ya mtu binafsi, na mwaka 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data. Hayo nayakubali kabisa. Ila kisima si siri ya mtu. Bei ya pampu si usalama wa taifa. Na mara nyingi nimeona kwamba anayetaja usalama wa taifa huwa analinda usalama wa mtu mmoja.

Pili, hilo la mjinga kutoelewa. Juni 2024 Mswada wa Fedha ulikuwa mtandaoni, umejaa lugha ya mawakili. Ni nani aliyeuelewa? Vijana walikaa chini wakaufafanua kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, kwa Kikuyu, kwa Kikamba, wakaupeleka katika simu za wazazi wao. Mama mboga akajua mkate umeguswa wapi. Yaliyofuata Juni 25 pale bungeni yalikuwa ya majonzi, damu ilimwagika, nami sitaki kuyapamba. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia mswada sahihi. Ninachosema mimi ni kwamba kama mswada huo haungewekwa wazi, wala kufasiriwa, hakuna aliyemwita mwenzake mjinga angejua kwamba huyo mwenzake anaweza kusoma.

Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaodhani ukishaweka faili mtandaoni kazi imeisha. Nyanya yangu ana simu ile ya mulika mwizi. Haifungui tovuti. Anajua kuipokea na kuiwashia tochi, basi. Alipoenda katika ofisi ya wadi mwezi wa Julai kuuliza habari za kisima, baada ya mimi kumpigia simu, aliambiwa, "Hayo mambo yako kwa komputa, mama." Akarudi nyumbani. Sasa ebu fikirieni: ofisi inamwambia aende kwenye komputa, na komputa inasema kisima kipo. Akaulize wapi tena? Kwa punda?

Aidha, hati zenyewe zimewekwa kwa namna ya kumchosha mtu. Nyingi ni karatasi zilizopigwa picha, zimelala upande, muhuri umefunika tarakimu, ukitaka kutafuta neno moja huwezi, ni lazima uzisome zote kama msahafu. Kurasa mia mbili kwa bando la shilingi ishirini zitaisha lini? Tena zote kwa Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 7, imekipa Kiswahili nafasi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi gani ambayo bajeti ya kaunti haijui hata kusalimia kwayo? Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo zinaonyesha pesa ilikoenda, zimo mtandaoni na nimezisoma mbili, lakini ilinibidi nikae na kamusi. Na mimi ni mwanafunzi. Aliye shambani je?

Maoni yangu basi ni haya. Sitaki serikali ipunguze ya mtandaoni, nataka iyaongeze, na yawe ya kusomeka. Lakini kila mradi wa kijiji uandikwe pia kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ubandikwe ukutani kwa chifu, katika zahanati, katika shule ya msingi na pale sokoni penye mti wa mkutano: umeanza lini, unagharimu nini, amepewa nani, umefika wapi. Ukurasa huo utasomwa na watu wanaopita hapo kila siku wakitazama kama kisima kipo au hakipo. Mkaguzi wa Nairobi hawezi kufika kila kijiji. Nyanya yangu yuko kijijini tayari, na hataki posho ya safari.

Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili tusijidai kwamba hatuhusiki. Tunashinda tukitunga mashairi ya kusifu amani na kuhakiki riwaya, mambo mema sana. Lakini kwa nini jioni moja kila mwezi tusikae tukafasiri kurasa tano za bajeti ya wadi moja, tukazipeleka nyumbani wakati wa likizo? Nilipolitoa pendekezo hili katika mkutano wa chama, mwenzangu mmoja alisema hayo ni mambo ya siasa. Mwalimu hakusema kitu, aliandika tu katika kitabu cha kumbukumbu. Bado nalingoja.

Likizo ya Agosti niliandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja, nikaomba mambo matatu: nakala ya mkataba wa kuchimba kisima, jina la aliyelipwa, na cheti kinachoonyesha kwamba kazi ilikaguliwa ikakubaliwa. Tulienda nayo ofisini mimi na nyanya, yeye amevaa lile vazi lake la kanisani. Karani aliisoma, akanitazama viatu, akaniuliza naitakia nini. Kisha akasema nirudi na ya Kizungu. Nilikuwa nimechapisha kifungu cha 8 pale saiba kwa shilingi kumi, nikamwonyesha. Alikisoma mara mbili. Akamwita mwenzake, naye akakisoma. Mwishowe akaipiga barua muhuri, na nakala yangu pia, yenye tarehe. Nyanya aliikunja nakala hiyo akaitia katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake.

Leo jarida linapelekwa kwa mpiga chapa, na tangu siku ya muhuri zimepita siku 17. Jumapili nilipewa ruhusa ya kupiga simu nyumbani. Nyanya aliniuliza kama serikali imejibu, nikamwambia bado, zimebaki siku 4. Akasema sawa, atangoja, ila punda mmoja ameanza kuchechemea.